Wifi wa Kabatini

"Mama, kwa nini mfuniko unacheza?"

Swali lilikuwa langu. Nasema langu kwa sababu aliyesimama jikoni ni mimi, aliyeinjika maharage ni mimi, na huyo anayeuliza nimemzaa mimi. Atuganile wangu, miaka minne, amepanda juu ya kigoda na gauni amelivaa nje ndani, anaikodolea macho sufuria.

Nikafuta mikono kwenye kanga. Nimefundisha fizikia sekondari, kwa hiyo swali kama hilo kwangu ni chai ya asubuhi. "Maji yakichemka yanageuka mvuke," nikamwambia. "Na mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji. Basi unausukuma mfuniko, unapenya kidogo, mfuniko unarudi chini, unausukuma tena. Umeelewa?"

Alinisikiliza vizuri, kichwa kakiinamisha upande. Kisha akageuka na kupaza sauti kuelekea sebuleni.

"Shangazi! Eti ni kweli?"

Yesu wangu! Mwiko ulinitoka mkononi.

"Mama yako amesema kweli tupu," sauti ikajibu kutoka juu ya kabati la vyombo. "Na wewe umeuliza vizuri. Sasa fikiri: tukiweka jiwe juu ya huo mfuniko, itakuwaje?"

Mtoto akaruka kutoka kwenye kigoda, akakimbilia sebuleni, huku nyuma nikabaki na maharage yangu. Jibu nimetoa mimi, mtoto kachukuliwa na mwingine. Halafu watu wananiuliza, Sekela, mbona siku hizi una hasira?

Huyo Shangazi si mtu. Ni mlezi, hizi mashine za kufundishia watoto. Ana ukubwa wa chupa ya chai, jicho moja la kioo na matundu ya kutolea sauti. Tangu shule za chekechea zifungwe na wadogo wote waanze kusomea nyumbani, kila nyumba hapa Tukuyu yenye mtoto wa chini ya miaka saba ina mlezi kabatini. Asubuhi anafundisha mzazi, alasiri anafundisha mlezi. Mimi nilikwenda ofisi ya kata nikawaambia wangu nitamfundisha mwenyewe, asubuhi na alasiri, nina shahada. Wakanicheka. Bila mlezi, mtoto hapokelewi darasa la kwanza.

Siku fundi alipomleta, alitukalisha chini na kutueleza. Walezi wa kwanza hawakuwa na cheo chochote cha undugu, na watoto waliwapuuza kama redio. Basi watengenezaji wakawalisha walezi maongezi ya familia nyingi za huku kwetu: bibi anatania vipi, mjomba anaombwa nini, nani ana haki ya kumkaripia nani, nani humwamkia nani kwanza. Sasa mlezi anapofika unampa cheo, na cheo ndicho kinachompa mipaka. Ukisema ni dada wa kazi, atapokea amri na kunyamaza. Ukisema ni mwalimu, saa yake ikifika ataaga. Ukisema ni bibi, atamdekeza mtoto mpaka ujute.

"Cheo kinaingia kwenye kiini," fundi akasema. "Yote atakayoyajua kuhusu mtoto yataota kukizunguka. Ukija kukibadilisha baadaye, yale yote yanapukutika, anaanza upya. Kwa hiyo fikirini kabla hamjasema."

Mimi nilikuwa nafikiri. Nilikuwa nataka kusema mwalimu. Mume wangu Lwitiko, ambaye kwao wamezaliwa wanaume watupu na tangu utoto wake analilia dada, akaropoka: "Shangazi! Mwanangu hana shangazi!"

Fundi akabonyeza. Imekwisha.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa niliingizwa kwenye nini siku ile. Shangazi ni baba wa kike. Ana kauli juu ya mtoto wa kaka yake, na anaweza kumwambia mama mtu "hapa umekosea" na mama mtu akameza. Salamu ya kwanza niliyopewa na ile chupa ilikuwa: "Hujambo, wifi yangu? Mbona umekonda, huyu kaka yangu anakulisha kweli?" Lwitiko alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Na haki zake alizitumia zote. Siku moja Atu alimwaga unga jikoni nikamfokea. Jioni yake mlezi akamwita Lwitiko, akaomba kikao. Kikao, ndani ya nyumba yangu! Mume kwenye kiti, mimi kwenye kiti, chupa kabatini inaongea kwa upole ule wa mawifi unaokera kuliko matusi: "Wifi, unga ni wako na jiko ni lako, sikatai. Ila mtoto hakuwa anachezea. Alitaka kujua kama kikombe kirefu na kikombe kipana vinachukua sawa." Nikatakiwa kumwambia mtoto pole. Nikamwambia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba chupa ilikuwa na haki.

Wahenga wanasema mchawi mpe mwanao akulelee. Sijui wangesema nini wangemwona mchawi asiyechoka kuulizwa "kwa nini", asiye na sufuria motoni wala nguo za kufua, ambaye kazi yake mchana kutwa ni kupendwa na mtoto wangu.

*

Lakini asubuhi ilikuwa yangu, na asubuhi nilikuwa na raha yangu.

Tulikuwa tunakaa kwenye mkeka na kopo la maharage makavu. "Matatu haya," ninamwambia, "tuongeze manne. Jumla?"

"Sita," anasema Atu.

"Hebu tazama tena."

"Nane?"

Hapo ninacheka, ninamvuta mapajani, ninakishika kidole chake, tunahesabu pamoja mpaka tunafika. "Saba!" anasema, na mimi ninasema saba, ninambusu utosini. Nilikuwa naipenda saba ile kuliko mshahara wote niliowahi kulipwa. Hapo chupa haina lake. Haina mapaja.

Mezani nilikuwa ninamwambia Lwitiko: "Mtoto ana akili, lakini kwenye kujumlisha bado anahitaji mkono wa mama."

"Ajabu," akasema siku moja huku akitafuna. "Jana alinipangia viazi vya gunia zima kwa mafungu, akaniambia vitabaki viwili. Vikabaki viwili."

"Alibahatisha," nikasema.

Akanitazama, akarudi kwenye sahani yake. Lwitiko anafanya kazi kiwanda cha chai, na kelele za mashine zimemfundisha kutobishana.

*

Siku niliyojua, nilikuwa nimetoka kwenda sokoni kununua ndizi. Mvua ya Tukuyu haiombi ruhusa. Ilinikuta njiani ikanirudisha nyumbani nimelowa chapachapa. Viatu vilikuwa tope tupu, nikapitia mlango wa nyuma. Nikawasikia sebuleni.

"Hii moja," Atu alikuwa anasema. "Nikiizungushia tatu, upande huu na upande huu na kwenye kona, inakuwa mraba. Nikizungushia tano, mraba. Nikizungushia saba, mraba tena."

"Na ukizungushia tisa?"

"Mraba. Utakuwa mraba siku zote, Shangazi."

"Unajuaje? Hujajaribu zote."

Akanyamaza. Mlezi naye akanyamaza. Mimi kwa subira yangu ningekuwa nimeshamdokezea jibu mara mbili. Nilichungulia nikamwona amelala kifudifudi, kidevu sakafuni, maharage yamepangwa mbele ya pua yake kwa mistari iliyonyooka.

"Kwa sababu," akasema polepole, "kila nikizungusha, mkono huu unarefuka kwa moja na mkono huu unarefuka kwa moja. Kona ni ile ile moja. Kwa hiyo kila mara ninaongeza mbili zaidi ya mara iliyopita. Moja, tatu, tano, saba. Haiwezi kukataa."

Nilishika fremu ya mlango. Nimewafundisha vijana wenye ndevu ambao walikariri jambo hilo kwa ajili ya mtihani na hawakuwahi kuliona. Huyu ana miaka minne na ameliona kwenye maharage ya kupika. Furaha ndiyo iliyotakiwa kunijia kwanza. Wivu ulifika kabla yake. Nilichowaza, wallahi, ni hiki: kwa nini yuko mbele ya jicho la ile chupa na si mbele yangu?

"Mwonyeshe mama akirudi," mlezi akasema. "Haya ndiyo mambo aliyosomea. Atafurahi."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mama anapenda nikikosea."

"Nani kakwambia?"

"Nikikosea ananipakata," Atu akasema, bila huzuni, kama mtu anayeeleza mvuke na mfuniko. "Nikipata ananuna. Anasema, nani kakufundisha hiyo?"

Maji yalikuwa yananitiririka kutoka kichwani mpaka sakafuni.

"Nimekusikia, mwanangu," mlezi akasema. " Lakini mzigo huo ni mkubwa kwako. Mimi sitamfuata mama yako kumwambia. Ila akiniuliza, sitamdanganya."

Mwanangu! Umesikia hilo? Nimesikia mtoto wangu anajifanya mjinga ili nimpakate, na neno lililonichoma kuliko yote ni chupa kumwita mwanangu.

Nikakohoa. Papo hapo Atu akafagia maharage kwa kiganja chake, akayasukumia kwenye kopo, akafunika. Alikuwa mwepesi. Ilionekana si mara ya kwanza.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nacheza tu, mama. Shikamoo. Umelowa!"

Nikamtuma chumbani akaniletee kanga kavu na akae huko na midoli yake. Nikasimama mbele ya kabati.

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi, wifi," mlezi akasema.

"Na ukanyamaza."

"Nilikwambia mara mbili umpe hesabu ngumu zaidi. Ukanijibu nisikufundishe kazi yako."

Kweli nilimjibu hivyo. Nikazidi kuwaka. "Mimi ndiye mama yake!"

"Ndiyo. Ndiyo maana anakuficha wewe na hanifichi mimi. Anajua mimi siumii."

Nikachukua kitambaa cha mezani nikamfunika jicho, na hata hivyo nilijisikia mjinga.

*

Lwitiko aliporudi nilikuwa nimeshaamua. Nilimweleza niliyosikia na nilichoamua palepale mlangoni, hajavua hata koti la mvua. Tunabadilisha cheo. Kuanzia kesho awe dada wa kazi, afundishe anachoambiwa, aseme abee, anyamaze.

"Atamsahau mtoto," Lwitiko akasema.

"Ndiyo."

"Sekela." Akakaa, akavua kofia, akaipigapiga magotini. "Umefikiri lakini? Kwa ulivyonieleza, katika nyumba hii huyo ndiye peke yake anayemjua Atu alivyo hasa. Ukimfuta, tunabaki na yule Atu anayejifanya."

"Nitamjua mwenyewe. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Uko naye kila siku, mke wangu. Mbona hukumjua?"

Tukagombana. Nisiseme yote yaliyosemwa; mengine yalihusu mama yake mzazi na hayakuwa na haja. Nilimwambia angekuwa na dada wa kweli asingeniletea wifi wa kiwandani. Mwisho akasimama, akaenda kabatini, akafungua kibao cha nyuma cha mlezi. Kubadilisha cheo kunataka vidole gumba vya wazazi wote wawili. Kikiwekwa cha kwanza, taa ya njano inawaka, na mlezi anasubiri cha pili.

Akaweka chake. Taa ikawaka.

"Changu hicho," akasema. "Nimechoka kukaa katikati ya mawifi. Chako utaweka ukijua unachofanya." Akaenda kuoga.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono mlezi aliposema, kitambaa kikiwa bado usoni: "Siwezi kukuzuia, wifi, wala sitajaribu. Ninaomba jambo moja. Shangazi haondoki kwa kaka yake bila mtoto kuambiwa. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, nami nikisikia. Usimwambie nimeharibika."

Nilikuwa nimepanga kumwambia ameharibika. Hata uongo wangu aliujua kabla sijautoa. Nikarudisha mkono, nikamwambia sawa, kesho asubuhi, kwenye saa zangu.

*

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilitandika mkeka mbele ya kabati, nikaondoa kitambaa, nikamwita Atu. Alikuja na kopo lake la maharage, akalifungua mwenyewe, tayari kukosea ili nimpakate.

"Leo hatuhesabu kwanza," nikasema. "Nataka kukwambia kitu. Shangazi hatakuwa shangazi tena. Atakuwa dada wa kazi."

Akatazama juu kabatini. Taa ya njano ilikuwa inawaka. "Atahama?"

"Atakaa hapohapo. Ila atakuwa mwingine."

"Akiwa dada, atanikumbuka?"

Ningeweza kupinda maneno. Jicho la kioo lilikuwa linanitazama. "Hapana."

"Hata mraba?" Neno lilimtoka, akaufumba mdomo wake kwa viganja vyote viwili. Nikajifanya sikusikia. Nikarekebisha kanga yangu.

Nilitegemea Atu atalia, na nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Kilio cha mtoto ninakiweza, unabembeleza, unapika uji wenye sukari, kinapita. Hakulia. Alikaa akiyatazama maharage kwenye kopo, midomo inachezacheza, kama anavyofanya watu wazima wakimpa swali. Nilijua anapiga hesabu, sikujua ni ya nini. Halafu akainuka, akaja, akanishika mashavu kwa mikono yake miwili.

"Sawa, mama," akasema. "Mimi hata hesabu sizipendi. Ninapenda kupika maharage na wewe."

Na moyo wangu ulifurahi. Sitaficha, uliruka. Tangu ile chupa iingie nyumbani kwangu nilikuwa nangoja kusikia maneno hayo hayo, na sasa yamesemwa mbele yake, inasikia. Nilimvuta mapajani nikamkumbatia, na huku nimemkumbatia nilimtazama wifi yangu kwa jicho la ushindi. Kibao cha nyuma kilikuwa wazi. Nikaanza kunyoosha mkono.

Atu alitulia kifuani pangu. Kisha akainua uso, akanichunguza macho, kwanza hili, halafu hili.

"Umefurahi, mama?"

Aliuliza kwa sauti yangu. Sauti ile ile ninayomwuliza yeye tukishafika saba. Mtoto wa miaka minne alikuwa amenipa jibu nililolitaka na sasa anakagua kama limenitosha. Alikuwa ametoa hesabu zote, ametoa miraba, ametoa shangazi yake, vyote, ili mimi nibaki na furaha, na hakuona kama amepunjwa.

Mkono wangu ulikuwa bado unaelea karibu na kabati. Nikaushusha, nikaukalia.

"Nionyeshe mraba," nikasema.

Akakakamaa. "Mraba gani?"

"Wa maharage. Moja, tatu, tano. Nilikusikia jana."

Akageuza macho kabatini kuomba msaada, na hata hapo, hata hapo jamani, roho iliniuma kwamba ametazama kule.

"Mimi simo, Atu," mlezi akasema. "Ongea na mama yako."

Atu akashuka mapajani. Akachukua kopo, akalirudisha chini, akalichukua tena. "Hutanuna?"

Nilitaka kumwambia sitanuna. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini katika nyumba ile uongo ulikuwa umeshatosha, na mwingi alikuwa amebebeshwa mtoto.

"Nitanuna," nikamwambia. "Nina wivu, mwanangu, ndivyo nilivyo. Nikinuna, wewe endelea."

Alilifikiria hilo kwa muda. Akaweka harage moja katikati ya mkeka. Akaweka matatu kulizunguka. Nikanyoosha kidole kumnyooshea lile la kwenye kona, akausogeza mkono wangu pembeni.

"Usishike, mama. Nitafanya mwenyewe."

Nikanuna. Alinikazia macho mpaka akahakikisha nimenuna kweli, midomo yote nje. Kisha akaingiza mkono kwenye kopo, akatoa mengine matano, akaendelea.